Mti ukikatwa barabarani, matawi yaende wapi?

Upepo wa kaskazi ukishika na mvua za vuli zikiwa zimekwisha, Malindi, huku pwani ya Kenya, hukauka upesi. Nyasi zilizokuwa zikimfika mtu kiunoni mwezi wa Desemba huwa zimeshageuka rangi kufikia mwisho wa Januari, na Februari ikiingia, njiti moja ya kibiriti inatosha. Hapo ndipo yanapoanza mazungumzo ya kila mwaka: shamba la fulani limeungua, moto umeruka barabara, makuti ya fulani yameteketea. Na hakosi mtu wa kusema kwa sauti kuwa dawa ni moja tu, miti yote ya kando ya barabara ikatwe.

Huyo mtu nakubaliana naye nusu. Ipo miti ambayo ingefaa iondolewe leo kabla ya jua kutua. Mvinje uliokufa kilele, umesimama juu ya nyaya za stima ukisubiri upepo. Mkanju (mkorosho) mzee ulioliwa na mchwa shina zima, umeinamia lami. Mnazi uliopigwa na radi ukabaki gogo tupu. Hiyo sina huruma nayo. Ninachobishana nacho ni namna tunavyokata, kwa sababu ukataji wetu, jinsi unavyofanywa sasa, mara nyingi unaiacha barabara katika hatari kubwa kuliko ilivyokuwa kabla ya pawa soo, msumeno wa injini, kuwashwa.

Majuzi nilipita Msabaha nikakuta vijana wanaangusha mivinje iliyokuwa imejipanga kando ya njia. Kazi ilikuwa inakwenda vizuri, sina la kusema juu ya ustadi wao. Mti unaangushwa, matawi yanapogolewa, shina linakatwa vipande na kupakiwa kwenye lori. Kila kilichokuwa chembamba kuliko mkono wa mtu kilisukumwa mtaroni. Nikamuuliza aliyeonekana msimamizi, "Kaka, na haya matawi yanachukuliwa lini?"

"Hayo si yetu, mzee. Sisi tumeambiwa tuondoe miti."

"Sasa ni ya nani?"

Akacheka. "Yaache tu, yataoza."

Hayakuoza. Anayeujua mvinje anajua kwamba yale tunayoyaita majani yake ni vijiti vyembamba vya kijani vinavyoanguka mwaka mzima na kutandaza zulia chini ya mti, na zulia hilo huchukua muda mrefu sana kugeuka udongo. Nilipopita tena mahali pale mtaro mzima ulikuwa umegeuka rangi ya kutu. Nikachukua tawi moja, nikalivunja. Lilikatika kwa mlio, na vumbi lake likanibakia vidoleni. Juu ya matawi hayo mtu alikuwa ameshatupa karatasi za nailoni na chupa za plastiki, maana sisi tukiona rundo lolote huwa tunadhani ni jaa. Kilichobaki ni mtu wa kuchoma taka asubuhi.

Mvinje, kwa bahati mbaya, una sifa inayojulikana na kila mpishi wa pwani: huwaka hata ukiwa mbichi. Ndiyo maana waoka mikate wanaupenda. Kuni nzuri jikoni ni kuni nzuri mtaroni pia, na mtaroni hakuna mpishi wa kuuzima.

Moto wa huku kwetu kwa kawaida haushuki kutoka juu. Hutambaa. Huanzia kwenye nyasi, pengine kwa kipisi cha sigara, kwa mrina asali aliyeacha mwenge wake unafuka, kwa tanuri la makaa lililotoboka usiku, au kwa jirani aliyewasha majani yake akaingia ndani kunywa chai. Ukishapata nyasi kavu hutafuta kichaka, ukishapata kichaka hutafuta matawi ya chini ya mti, na kutoka hapo hupanda ngazi hadi kileleni. Mwembe mbichi wenye matawi yaliyoanzia juu ya kichwa cha mtu ni kazi ngumu kwa moto wa nyasi. Utaunguza gome, utakausha majani ya chini, halafu utapita. Lakini lundo la matawi makavu lililolala kwenye mtaro huo huo, upande kaskazi inakotoka, ni habari nyingine kabisa. Hapo moto hauhitaji ngazi, umeletewa kuni hadi miguuni.

Nasema hivi nikijua kwamba wapo wanaotoa mifano ya ng'ambo, na mifano hiyo si ya kupuuzwa. Tarehe 17 Juni 2017, moto uliwaka Pedrógão Grande, katikati ya Ureno, ukaua watu 66. Wengi wao, 47, walikufa kwenye barabara moja au kandokando yake, wakikimbia kwa magari. Mikaratusi na misonobari ilikuwa imesongamana hadi ukingoni mwa lami, na moshi ulipotanda watu hawakuona mbele wala nyuma. Cha kusikitisha ni kwamba nchi ile tangu 2006 ilikuwa na sheria inayotaka ukanda wa mita 10 kila upande wa barabara usafishwe. Nausisitiza usafi huo kwa sababu sheria haikusema miti yote ing'olewe. Ilihusu kupunguza kinachoweza kuungua: nyasi, vichaka, matawi ya chini, na miti iliyobanana ipewe nafasi.

Halafu kuna Lahaina, kwenye kisiwa cha Maui huko Hawaii, Agosti 8, 2023. Zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Chanzo kilikuwa nyaya za umeme zilizoangushwa na upepo mkali, lakini kilichoubeba moto hadi mjini kilikuwa nyasi. Mashamba makubwa ya miwa na mananasi yalikuwa yameachwa, na nyasi ndefu za kigeni zikayavamia. Mojawapo ya nyasi hizo asili yake ni huku huku Afrika. Ilipelekwa kule kuwa malisho ya ng'ombe. Nilipolisoma hilo niliwaza mikanju yetu. Tangu kiwanda cha korosho cha Kilifi kifungwe, mashamba mangapi kati ya Gede na Kakoneni yamebaki bila mtu wa kuyapalilia? Mikanju imezeeka, chini yake kumejaa majani makavu, nyasi zimekuja hadi barabarani, na mwenye shamba pengine yuko Mombasa au alishafariki na warithi wanagombana. Mkanju mmoja uliokufa ukingoni mwa njia ukiuondoa, umefanya jambo jema. Lakini hatari yenyewe umeiacha nyuma ya ua.

Kwa hiyo wanaotaka kuigiza Ulaya na Marekani waigize kwa akili. Kule Ureno tatizo lilikuwa mikaratusi na misonobari iliyosongamana. Kwetu ni nyasi, takataka na uzembe. Hata Arabuko-Sokoke, msitu wenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba 420 unaopakana na barabara yetu kuu, hauna sura moja. Sehemu yenye miti iitwayo mirihi ina nafasi kati ya mti na mti na nyasi chini yake, na moto wa ardhini hupita humo kwa njia tofauti kabisa na unavyopita kwenye kichaka kilichofumana. Atakayekuja na amri moja ya kukata mita kadhaa kuanzia Matsangoni hadi Malindi bila kuangalia mti gani umesimama wapi, huyo hajaja kuzuia moto. Amekuja kutafuta mbao.

Na hili la mbao tuliseme wazi. Neno "usalama" ni tamu mdomoni mwa mwenye pawa soo. Angalia ni mti gani unaoanza kuanguka zoezi kama hili linapotangazwa. Ni mwembe mnene wenye shina lililonyooka, ni mvule kama bado umebaki, ni mvinje mchanga unaofaa kuwa boriti. Ule uliooza, wenye mchwa, ambao ndio unaoweza kuangukia tuktuk yenye watoto wa shule, unabaki pale pale kwa sababu hauna mnunuzi. Mimi ningependa kuona zoezi ambalo orodha ya miti inaandikwa kwanza, mti kwa mti, mbele ya mzee wa mtaa na mtu anayejua miti. Hatuna upungufu wa wajuzi: taasisi ya taifa ya utafiti wa misitu, KEFRI, ina kituo chake hapo Gede. Mti usio na alama ya rangi usiguswe.

Kuna mama anayeuza viazi karai na chai chini ya mwarobaini kando ya njia. Nilimwambia kuna maneno ya kukata miti ya barabarani. Hakuinua hata macho kutoka kwenye karai. "Wakikata huu mwanangu, na mimi wanikate," akasema. Halafu akanionyesha pale upande wa pili ambapo mwarobaini mwingine ulikatwa zamani. Jua linapiga moja kwa moja, na nyasi zimeota kuliko mahali pengine popote kwenye kipande kile. Chini ya wake ni mchanga mtupu uliofagiliwa. Nilisimama nikatazama pande zote mbili na kuona kwamba hoja ilikuwa imekwisha. Kivuli hupunguza nyasi, huweka unyevu, huvunja upepo. Ukiondoa kila mti, unawafungulia jua na kaskazi mlango, kisha unapalilia mara tatu kwa mwaka au unasubiri moto. Na sisi kupalilia mara tatu kwa mwaka tunajijua.

Mti kama wa yule mama unahitaji kupogolewa tu. Matawi yote yaliyo chini ya mita mbili hivi yaondolewe, yaliyokufa juu yakatwe, na chini pafagiliwe kama anavyofagia yeye kila asubuhi bila kulipwa na mtu.

Shida inayofuata ni mwenyewe. Mti wa barabarani una wakubwa wengi na hauna baba. Mamlaka za barabara zenyewe ni kadhaa: barabara kuu ni ya KeNHA, za mashambani nyingi ni za KeRRA, za mjini zipo za KURA na za kaunti. Ukiwa umegusa nyaya, wanaingia Kenya Power. Ukiwa ukingoni mwa msitu, Huduma ya Misitu. Na mzizi ukiwa upande wa pili wa ua, ni wa mwenye shamba. Raia akiona mti unaotaka kuanguka hajui ampigie nani simu, na akipiga anaelekezwa kwingine. Nimeshazungushwa hivyo kuhusu mnazi mmoja mkavu mpaka ukaanguka wenyewe usiku, shukrani kwa Mola bila mtu chini yake. Sihitaji idara mpya kwa jambo hili. Nahitaji namba moja ya simu iliyoandikwa kwenye ofisi ya chifu, na mtu upande wa pili ambaye kazi yake ni kuwatafuta wenzake badala ya kunituma mimi.

Kuhusu makuti nitasema machache kwa sababu kila mtu wa Malindi na Watamu ameshaona hoteli au nyumba ikiteketea. Moto ukiwa mkubwa, cheche hupaa na upepo na kutua mbali na pale unapowaka, hata kilomita moja na zaidi. Kwa paa la makuti lililojaa vijiti vya mvinje vya miaka, barabara yenye usafi wa mita 10 haitasaidia kitu. Fagia paa lako. Na ukiwa umejenga Watamu, jiulize siku moja, kwa utulivu, kama barabara ya kwenda Gede ikizibwa na mti ulioanguka, lori la zimamoto litapita wapi na wageni wako watatokea wapi. Nafikiri swali hilo lingepaswa kuamua ni miti ipi ya kwanza kuondolewa katika eneo zima: ile iliyokufa, mirefu, kwenye njia ambazo hazina mbadala.

Sasa nirudi kwa matawi, maana ndiyo yaliyonifanya niandike. Kuni tunazinunua. Wachoma chokaa wanazitafuta, waoka mikate wanazitafuta, akina mama wanatembea hadi ukingoni mwa msitu kuzitafuta na wakati mwingine wanafukuzwa. Papo hapo mtaroni kuna kuni za bure zinazosubiri kuwa janga. Mkataba wowote wa kukata miti uandikwe kwamba kazi haijaisha, na malipo hayatoki, mpaka mtaro uwe mtupu. Siku ya kukata itangazwe mapema msikitini, kanisani na kwenye baraza la chifu, ili mwenye mkokoteni aje na mkokoteni na mwenye kamba aje na kamba. Vijiti vidogo visivyofaa kwa jiko vikusanywe na kufukiwa kwenye mashimo ya migomba, siyo kuchomwa kando ya njia. Na kazi yenyewe ifanywe Novemba au mwanzoni mwa Desemba, wakati ardhi ina unyevu, badala ya kungoja Februari baada ya shamba la kwanza kuungua, pawa soo zitoke kwa hasira na kila mtu apige picha.

Msabaha, nilipopita mara ya mwisho, matawi yalikuwa bado yapo. Mwenye mamlaka juu ya kipande kile cha barabara, awe nani, lori moja na vijana wanne wanaimaliza kazi hiyo kwa asubuhi moja. Akikosa lori, atangaze tu kwamba ni ruhusa kuchukua. Jioni hatakuta hata kijiti.