Kipindi cha kungoja kwenye bima ya afya: lawama na sababu yake

Mwenye kisukari au shinikizo la damu akitaka bima binafsi, mara nyingi hukataliwa, hupandishiwa ada, au hupewa mkataba unaouacha nje ugonjwa wenyewe. Kimbilio lake ni mfuko wa umma au bima ya kikundi, kama ile ya mwajiri au ya ushirika. Huko nako hukutana na masharti mawili yanayoudhi: kungoja miezi kadhaa kabla ya kutibiwa, na kuandikisha kaya nzima wakiwemo vijana wasioumwa. Wengi huyaona kuwa ni hila ya kula michango.

Lawama hiyo haikuzuka hewani. Anayehitaji insulini leo hawezi kungoja miezi mitatu, na anayeishi kwa vibarua hana ada ya watu sita kwa mkupuo.

Lakini masharti haya yakilegezwa, anayeumia kwanza ni mgonjwa yule yule. Jimbo la Washington, Marekani, lilipitisha sheria mwaka 1993: kampuni zisimkatae mgonjwa, na kila mkazi hatimaye awe na bima. Mwaka 1995 bunge la jimbo likaufuta ulazima, likabakiza katazo la kumkataa mgonjwa pamoja na kungoja kwa miezi mitatu tu. Watu wakawa wanajiunga wakishaugua, wakipona wanajitoa. Kufikia mwaka 1999 bima mpya ya mtu binafsi ilikuwa haiuzwi karibu jimbo zima. Mwaka 2000 wabunge wakarefusha kungoja hadi miezi tisa na kuziruhusu kampuni kuwaelekeza wagonjwa wenye gharama kubwa zaidi kwenye mfuko maalumu wa jimbo. Sheria iliyokusudiwa kumlinda mgonjwa ilikuwa imemwacha bila mahali pa kununua.

Hesabu yake ni fupi. Wanachama 100 wakichanga na 5 wakalazwa, kila mmoja anabeba moja ya ishirini ya gharama ya kulazwa mtu mmoja. Wazima 50 wakijitoa, wagonjwa ni wale wale 5, na mzigo wa kila aliyebaki umekuwa maradufu. Hakuna aliyeiba. Ada mpya inawafukuza wazima wengine, na mwaka unaofuata hali ni mbaya zaidi. Kijana asiyeumwa anayelalamika kuandikishwa ndiye anayeishikilia ada ya mama yake isipande.

Kinachostahili kupigwa vita ni namna masharti yanavyotekelezwa: ada ya mwaka mzima kwa mkupuo badala ya awamu, na kungoja kunakowahusu hata watoto wachanga.

Anayejiunga aulize kungoja kunahesabiwa kuanzia lini, siku ya kujaza fomu au siku malipo yalipopokelewa, na kwa huduma ipi. Ajali mara nyingi hulipiwa tangu mwanzo, ilhali uzazi mara nyingi hungojewa kwa muda mrefu. Aulize pia mchango ukichelewa kama hesabu inaanza upya. Mtu anaweza kupoteza haki hapo kwa kukosa mwezi mmoja. Ugonjwa autaje kwenye fomu hata akihofia ada, kwa sababu uliofichwa ukigunduliwa, dai hukataliwa pale bili inapokuwa kubwa.

Ada ndogo peke yake haimaanishi bima nafuu. Ajumlishe ada ya mwaka, kiasi anachojilipia kabla bima haijaanza kulipa, na asilimia atakayochangia kila anapotibiwa, kisha atazame ukomo wa mafao, yaani kiasi cha juu kabisa ambacho bima italipa. Mkataba wa ada ndogo wenye ukomo unaokwisha kwa kulazwa mara moja ni ghali kuliko mfuko wa umma wenye foleni. Na anayehama kutoka bima nyingine achukue barua ya uthibitisho kabla hajaondoka, yenye tarehe ya kuanza na ya mwisho, kwa kuwa ipo mifuko inayopunguza kungoja kwa mtu ambaye bima yake haikukatika.