Brian Ferentz na kipimo cha pointi 25

Februari 2023, Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, kilimpa mratibu wa mashambulizi wa timu yake ya futiboli ya Kimarekani, yaani kocha anayepanga jinsi ya kutafuta pointi, Brian Ferentz, mkataba wa aina yake. Mshahara ulikatwa dola 50,000 ukabaki 850,000 kwa mwaka, na ili aendelee na kazi yalitakiwa mambo mawili: timu ishinde mechi zisizopungua saba, na ipate wastani wa pointi 25 kwa mechi. Mechi 13, pointi 325. Tangu hapo futiboli ya Iowa ikawa hesabu ya duka. Jumamosi jioni watu hawakuuliza nani kashinda, waliulizana zimebaki ngapi.

Nianze na wenye hasira, maana hawakuwa wajinga. Msimu wa 2022 Iowa ilimaliza ikiwa na wastani wa pointi 17.7, na kwa yadi za mashambulizi ilikuwa ya 130 kati ya timu 131 za daraja la juu. Mechi ya ufunguzi iliishinda South Dakota State 7-3 bila tachidauni hata moja, yaani bila kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani. Teke moja golini, pointi tatu. Zile nne nyingine zililetwa na walinzi, waliowanasa wapinzani mara mbili ndani ya eneo lao wenyewe la mwisho. Ukitaka ushahidi mkali zaidi, mwangalie Charlie Jones. Mwaka 2021 akiwa Iowa alidaka pasi 21. Akahamia Purdue, na msimu uliofuata akadaka 110 kwa yadi 1,361. Mikono ni ile ile.

Halafu kuna la baba. Kirk Ferentz ni kocha mkuu wa Iowa tangu 1999, na Brian ni mwanawe. Kwa sababu ya kanuni za ajira za ndugu, kimaandishi Brian hakuwa chini ya Kirk, aliripoti kwa mkurugenzi wa michezo, Gary Barta. Hiyo ilikuwa karatasi. Kwenye kikao cha kupanga mechi walikaa baba na mwana, na mashabiki walijua hakuna mratibu mwingine ambaye angevumiliwa na namba kama zile. Chuo ni cha umma, na wanaolalamika kuhusu undugu kazini wana haki ya kulalamika. Wahenga walishasema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

Yote hayo nayakubali. Lakini hadithi iliyozoeleka, ya mtoto wa bosi asiyejua kazi, inaruka miaka mingi ya maisha ya mtu. Brian alicheza safu ya mbele ya mashambulizi hapo hapo Iowa. Akaenda New England Patriots, timu ya NFL, ligi ya kulipwa, akakaa chini ya kocha Bill Belichick kuanzia 2008, na 2011 akawa kocha wa mataitiendi, wachezaji wanaozuia wapinzani na pia kudaka pasi. Aliporudi Iowa mwaka 2012 alipewa safu ya mbele, kazi aliyoijua toka mwilini. Uratibu ulikuja 2017, na Novemba mwaka huo huo Iowa iliichapa Ohio State 55-24, matokeo ambayo watu wa Iowa City wanayasimulia mpaka leo. Mwaka 2018 wastani ulivuka pointi 31. Mwaka 2020, katika msimu uliofupishwa na korona, ukavuka 31 tena. Mataitiendi wake wawili, T.J. Hockenson na Noah Fant, walichaguliwa raundi ya kwanza ya drafti ya 2019, pale timu za NFL zinapochagua wachezaji wapya kutoka vyuoni. Haikuwahi kutokea chuo kimoja kikatoa wawili wa nafasi hiyo katika raundi ya kwanza ya mwaka mmoja. Kwa hiyo kipimo cha 25 alishakivuka zamani, tena bila kuwekewa sharti.

Mambo yaliharibika wapi? Kushuka kulianza 2021, hilo halina ubishi. Ila mimi naitazama zaidi Februari 2022. Ken O'Keefe, mzee aliyekuwa akiwafundisha makwotabeki, wale warusha pasi, aliiacha nafasi hiyo, na Kirk akamwongezea Brian mzigo huo juu ya uratibu. Mtu aliyetumia maisha yake na wanaume wa kilo 140 wanaosukumana mstari wa mbele, na mataitiendi, anakabidhiwa chumba cha makwotabeki kwa mara ya kwanza, timu ikiwa tayari imelegea. Kumfundisha kwotabeki ni ufundi mwingine kabisa: miguu inakaaje kabla ya kurusha, jicho linasoma nini kwa sekunde mbili, mpira unaachiwa lini. Ratiba hiyo hakujiandikia mwenyewe. Aliandikiwa. Na mwaka huo ndio uliozaa ile 17.7.

Sasa turudi kwenye 25 yenyewe, maana kwangu hapo ndipo penye kichekesho na penye dhuluma kidogo. Mkataba ulihesabu pointi zote za timu. Beki akidaka pasi ya adui na kukimbia nayo hadi mwisho, zinaingia kwenye hesabu ya Brian. Mtu wa timu maalumu, kikosi cha mipira ya mateke, akirudisha mpira wa teke hadi mwisho, hizo pia. Maana yake mratibu wa mashambulizi angeweza kuokolewa kazi na mratibu wa ulinzi, Phil Parker, au kuponzwa na siku mbaya ya mpiga mateke. Kama nia ilikuwa kumpima Brian, kilichopimwa ni timu nzima. Na timu nzima ilikuwa ya Kirk: usipoteze mpira, upige mpira teke refu umrudishe mpinzani nyuma kabisa, mwachie Parker amalize. Tory Taylor, Mwaustralia aliyekuwa akipiga mateke hayo, alikuwa kipenzi cha uwanja mzima na mwaka 2023 alitwaa tuzo ya Ray Guy, ya mpiga mateke hayo bora wa vyuo. Ni timu chache ambazo mashabiki hununua jezi ya mtu anayeingia uwanjani mashambulizi yanaposhindwa.

Chukua msimu wote wa 2023 ujumlishe. Iowa ilipata pointi 216 katika mechi 14, wastani wa 15.4. Iliruhusu 207. Tofauti ni pointi tisa kwa msimu mzima, na kwa pointi hizo tisa ilishinda mechi kumi, ikapoteza nne na kuingia fainali ya Big Ten, ligi yake ya vyuo. Northwestern walifungwa 10-7. Illinois 15-13. Nebraska 13-10. Kampuni za kamari zilifika mahali zinaweka jumla ya pointi chini ya 30 kwa mechi za Iowa, na waliobeti chini bado walikula hela. Unaweza kuuchukia mchezo wa namna hiyo, mimi mwenyewe siwezi kuutazama dakika 60 bila kusinzia. Lakini huo si mkosi wa mratibu mmoja. Ni falsafa ya mwenye nyumba, na ilikuwa inalipa.

Majeruhi nao wasisahaulike. Cade McNamara, kwotabeki aliyeletwa kutoka Michigan kuja kuokoa jahazi, aliumia goti dhidi ya Michigan State Septemba 30. Taitiendi Luke Lachey alishatolewa kwa kifundo cha mguu, na Erick All akafuata kwa goti dhidi ya Wisconsin. Akabaki Deacon Hill, ambaye msimu huo hakufikisha hata nusu ya pasi zake.

Oktoba 21, nyumbani dhidi ya Minnesota, Iowa ilipata yadi 127 tu, lakini zikiwa zimebaki kama dakika moja na nusu Cooper DeJean aliuchukua mpira wa teke kando ya mstari, akawapita wote, uwanja ukalipuka. Waamuzi wakaenda kwenye video, wakasema mkono wake wa kushoto ulipepea kabla, na ishara hiyo inaua mpira, yaani haruhusiwi tena kukimbia nao. Tachidauni ikafutwa, Iowa ikalala 12-10. Siku tisa baadaye kaimu mkurugenzi wa michezo, Beth Goetz, alitangaza kwamba Brian ataondoka msimu ukiisha. Timu ilikuwa imeshinda sita na kupoteza mbili, wastani 19.5.

Hapo upande wa Goetz una nguvu yake. Alirithi mkataba ambao hakuuandika, hesabu ilikuwa haitoki, na kusubiri hadi Januari kungerefusha kelele bure. Ila kumtangaza mtu ameondoka kisha kumwacha aendelee kuongoza mashambulizi kwa mechi sita kuna gharama yake. Katika mechi hizo Iowa ilipata pointi 60, kumi kwa mechi, na mbili za mwisho, dhidi ya Michigan na Tennessee, haikupata kitu: 26-0 na 35-0. Mchezaji wa miaka 20 anamsikilizaje kocha ambaye nchi nzima inajua anafungasha?

Mrithi wake, Tim Lester, aliifikisha timu wastani wa 27.7 mwaka 2024. Wabishi wanaitumia namba hiyo kama hukumu, na kwa sehemu wana haki. Lakini msimu huo Kaleb Johnson alikimbia zaidi ya yadi 1,500, pasi za Iowa zilibaki miongoni mwa dhaifu kabisa nchini, na ushindi ukashuka kutoka kumi hadi minane. Sharti la 25 lingetimia, nao mwaka ungekuwa mbaya kuliko ule uliomfukuzisha Brian.

Kwa maoni yangu Brian alistahili kuondolewa chumba cha makwotabeki mara tu msimu wa 2022 ulipoisha, na angeachwa kabisa wakati huo nisingebisha. Kilichofanyika badala yake ni kumpa mwaka mmoja wa kuhesabiwa hadharani, kwa kosa ambalo nusu yake ni la aliyempa kazi mbili. Mkataba ule ungeandikwa kwa jina la Kirk ningeuelewa. Kirk aliendelea na kazi yake, na Brian mwaka 2024 akaenda kuanza upya Maryland kama msaidizi.