Mzee Aliyenyimwa Kazi Hachangamshwi kwa Bingo

Kwa miaka sita sasa ninahudumia wazee katika jimbo la Massachusetts, nchini Marekani, ambako watu wengi kutoka Afrika Mashariki tumepata riziki katika makao ya wazee. Katika nyumba zote tatu nilizopitia nimeikuta karatasi ileile ukutani: mazoezi ya viungo vitini saa nne asubuhi, bingo (mchezo wa kubahatisha namba) saa nane mchana, nyimbo za zamani saa kumi. Karatasi hiyo huitwa kalenda ya shughuli, na anayeikwepa huandikwa katika jalada lake kwamba hapendi kushiriki. Kwa maoni yangu, kosa mara nyingi si la mzee. Shughuli hizo zimebuniwa kumpitishia muda mtu ambaye hakuna tena anayetarajia kitu kutoka kwake, na hilo yeye analijua kuliko sisi tunaompangia ratiba.

Miongoni mwa walioandikwa hivyo alikuwamo mwalimu mstaafu wa hisabati, mwenye umri wa miaka 86. Wafanyakazi wenzangu walimwita kwa jina lake la kwanza, kama ilivyo desturi ya huku. Mimi ulimi ulinigomea, nikawa namwita Mama, naye akazoea. Wakati huo nilikuwa nikisoma jioni ili niwe muuguzi, na hesabu za vipimo vya dawa zilikuwa zimenitoa jasho. Siku moja, nikisubiri amalize chai, niliacha daftari langu wazi juu ya meza yake. Alilivuta, akalitazama kwa muda, kisha akaniuliza ni nani aliyenifundisha kugeuza miligramu kuwa mikrogramu kwa kubahatisha. Tangu jioni hiyo nilimkuta kila zamu akiningoja na penseli iliyochongwa. Jina langu alilisahau mara nyingi, lakini mahali tulipoishia katika desimali hakuwahi kupasahau. Nilipopata 18 kati ya 20 katika jaribio la darasani, hakunipongeza. Alitaka kuyaona yale maswali mawili.

Haikupita muda msimamizi akaniita na kunikumbusha kwamba mfanyakazi haruhusiwi kujinufaisha kwa mkazi. Sikumlaumu, kwa kuwa kanuni hiyo ina sababu zake: wapo wazee walioibiwa na walewale waliokabidhiwa kuwatunza. Hata hivyo, kanuni isiyoweza kutofautisha kumnyonya mtu na kumwomba msaada humgeuza mzee kuwa mpokeaji tu, kuanzia anapoamshwa hadi anapofunikwa blanketi. Hatimaye tulikubaliana somo liingizwe kwenye kalenda, likiwa wazi kwa yeyote, na wakazi wengine wawili wakaanza kuhudhuria, mmoja wao, nadhani, kwa ajili ya kubishana tu.

Jambo hili si geni kwa watafiti. Mwaka 1976 Ellen Langer na Judith Rodin walichapisha utafiti uliofanywa katika makao ya wazee huko Connecticut, Marekani. Wakazi wa ghorofa moja waliambiwa kwamba maisha yao ya pale ni jukumu lao wenyewe, wakachagua usiku wa kutazama filamu, na kila mmoja akapewa mmea autunze mwenyewe. Wale wa ghorofa nyingine waliambiwa kwamba wafanyakazi watawashughulikia kwa kila kitu. Nao walipewa mimea, lakini iliyomwagiliwa na wauguzi. Baada ya wiki tatu, wale wa kundi la kwanza walionekana kuwa wachangamfu na makini zaidi. Mimea ilikuwa ileile; tofauti ilikuwa katika nani aliyeshika kopo la maji.

Mwaka 1991, daktari Bill Thomas aliingiza mbwa wawili, paka wanne na ndege mia moja katika makao ya Chase Memorial, New Berlin, katika jimbo la New York, akiamini kwamba wazee wanateswa na upweke, unyonge na kukaa bure. Ndege huhitaji kulishwa hata siku ambayo mlishaji hajisikii vizuri, na hapo ndipo ninapoona siri ya mpango wake ilipokuwa.

Kinyume chake ni michezo ya kompyuta inayouzwa kama dawa ya ubongo. Mwaka 2016 kampuni inayomiliki Lumosity, programu ya michezo ya aina hiyo, ilikubali kulipa dola milioni 2 ili kumaliza shauri la serikali ya Marekani kuhusu matangazo yake yaliyodaiwa kupotosha. Simkatazi mzee kucheza akipenda. Ninachopinga ni kumkabidhi kishikwambi, kisha kumhesabu kuwa ameshughulikiwa.

Tena yapo mambo madogo yanayotangulia shughuli zote, ambayo kalenda haiyataji. Ripoti ya mwaka 2024 ya tume ya jarida la The Lancet kuhusu dimenshia, yaani maradhi ya kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, iliorodhesha vihatarishi 14 vinavyoweza kurekebishwa, vikiwamo kupungua kwa usikivu, uoni hafifu usiotibiwa na kutengwa na watu, na ikakadiria kwamba karibu asilimia 45 ya visa vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa endapo vyote vingeshughulikiwa. Mimi nimewaona wazee waliodhaniwa kuwa akili zimewatoka, kumbe betri ya kifaa cha sikioni imekwisha tangu Jumapili, au nta imeziba sikio, au miwani iliyo usoni ni ya jirani. Mtu asiyesikia hutabasamu na kutikisa kichwa, kisha huacha kuja sebuleni. Kuangalia betri na kufuta miwani kila asubuhi ni kazi ya dakika tano, na laiti ningekuwa na mamlaka, ingeandikwa juu kabisa ya ile karatasi.

Nyumbani tunapenda kusema kwamba sisi hatuwapeleki wazee wetu kwenye makao. Ni kweli kwamba wengi wao huishi na jamaa, na wapo wanaopitisha alasiri barazani wakicheza bao kwa akili kali kuliko yangu. Lakini nasi tuna namna yetu ya kuwastaafisha. Mama yangu, aliyeko Muheza, Tanzania, alipotimiza miaka 75, kaka zangu walimwajiria msichana wa kazi, na kwa heshima zote wakamwambia apumzike. Wakamnyang'anya jembe, kisha kisu, mwishowe hata ungo. Kila nilipopiga simu alikuwa amelala, saa tano ya asubuhi. Niliwaomba wamrudishie walau ungo, na ubishi uliofuata ulichukua miezi miwili, kwa sababu majirani wangesema nini wakimwona bibi anachambua mchele ilhali ana wana wenye mishahara? Sasa nikipiga saa tano huniambia nipige baadaye, kwani mchele wa duka la mtaani una mawe siku hizi na huyo msichana hayaoni.