Twiga wa Tanzia

Najua habari ya picha yangu ya twiga imeshawafikia. Jamaa wa banda la jirani kaisambaza kwenye magrupu yote, na kwenye toleo lake nimeruka ukuta. Sikuruka ukuta. Nilitoka getini kwa miguu yangu, ila viatu nilivifuata kesho yake.

Mnakumbuka nilivyojigamba mwezi uliopita. Stetasi nzima: "Nimeachana na soko la mtandaoni, sasa tunauziana ana kwa ana!" Sababu mnazijua. Soko linamega lake, shemeji wa Ujerumani anayenipokelea hela anamega lake, posta nayo ina mdomo, mimi nabaki na nauli. Nilichosahau kupigia hesabu ni kwamba lile soko lilikuwa likinipa siku 21 za kutuma mzigo. Na rangi ya picha za Tingatinga, hizi ninazochora, si rangi ya maji, ni ile ya kupaka milango na baiskeli. Juu inakauka, unagusa, kidole kinateleza, unasema tayari. Chini bado uji.

Mteja wa kwanza, mama mmoja wa Mbezi Beach. Twiga wawili chini ya mbuyu, shilingi 350,000, nusu kanirushia palepale kwenye simu. (Ilishaliwa, msiulize.) Zawadi ya mzee wake anayestaafu, shughuli Jumamosi. Nukta za mwisho nimeweka Alhamisi usiku, masika yamepamba moto, hata shuka kwenye kamba hazikauki. Jumamosi nikatandika gazeti juu ya picha, nikaikunja, kamba, huyo kwenye bajaji. Foleni ya Mwenge yote nimeikumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Jamani, nilikuwa naoka.

Edward Tingatinga mwenyewe, aliyeanzisha mtindo huu kule mwishoni mwa miaka ya 1960, alichora kwenye hadibodi. Hadibodi haikunjwi. Mzee alikuwa na akili zake.

Sebuleni watu kama thelathini, pilau inanukia, viatu vyote mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Njoo uifungue mwenyewe, wewe ndiye fundi."

Nikapiga magoti katikati ya zulia. MC na kipaza sauti chake: "Mojaaa... mbiliii..."

Kamba ikafunguka. Nikavuta ukingo wa gazeti. Haukuja. Nikavuta kwa adabu zaidi. Ikatoka ile sauti ya plasta ikibanduliwa kwenye mguu wenye nywele, krrrrr, na watu wakakunja nyuso kama wanaumia wao. Gazeti likaachia, twiga wakaonekana. Wa kwanza mzima. Wa pili tumboni ana mtu.

Ana mtu! Mzee wa miwani na tai, katulia katikati ya mabaka, anatabasamu. Chini yake mistari ya maandishi iliyogeuka kinyumenyume. Wino ulikuwa umehamia kwenye rangi mbichi, umekolea kuliko mhuri wa mwenyekiti wa serikali ya mtaa.

Hapo bado nilikuwa na pa kuponea, maana hakuna aliyeweza kuyasoma. Nikajikohoza, nikasema, "Huu ni mtindo mpya, wa kuchanganya." Naapa kuna mama mmoja alianza kuitikia kwa kichwa.

Kumbe kuna mjukuu. Darasa la pili. Walimu wake wamefanya kazi, Mungu awalipe wanavyostahili. Mtoto kageukia kabati la kioo, kaiona picha imejigeuza sawasawa, akaanza:

"U-me-ti-mi-za mwa-ka m-mo-ja..."

MC akadhani ni shairi la babu. Akamsogezea kipaza sauti.

"...ta-ngu u-tu-to-ke. Ba-ba m-pe-ndwa. U-me-a-cha pe-ngo li-si-lo-zi-bi-ka."

Mwisho mtoto akasubiri makofi.

Feni tu ndiyo iliyokuwa inaongea. Mimi bado niko magotini, gazeti mkononi, kipande cha sikio la twiga kimeng'ang'ania karatasi. Mzee akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. Akamtazama mwenzake wa tumboni. Akanitazama mimi.

"Kijana," akasema taratibu. "Nimestaafu. Sijafa."

Basi. Kuna aliyecheka, kuna aliyesoma dua, mimi nikaaga bila kuaga. Mama hakudai hela, alidai picha nyingine, na ile ya kwanza mzee kagoma kuirudisha. Nasikia kaitundika korido na kila mgeni anaonyeshwa.

Picha mpya iko mbele ya feni, leo siku ya kumi na moja, luku inaisha kama maji. Magazeti nimeyapiga marufuku bandani, hata maandazi waje nayo kwenye sahani. Na yule msambazaji kapita asubuhi hii, kachungulia, badala ya salamu ananiuliza, "Vipi, marehemu amekauka?"