Diski Ikifa Kigoma, Nyingine Iko Dar

Anayeniuliza aweke RAID gani (namna ya kuunganisha diski nyingi zifanye kazi kama moja) kwenye seva kubwa huanza na kasi. Mimi humrudishia swali: diski ikifa Ijumaa jioni, ya kubadilishia unayo kabatini au iko Kariakoo?

Miaka michache iliyopita niliifungia studio moja ya video za harusi, hapa Mwanga, Kigoma, seva ya diski 8 za terabaiti 8. Tamaa ya nafasi ikanipeleka RAID 5, inayotenga nafasi ya diski moja tu kwa akiba: terabaiti 56 za kutumia. Diski moja ikafa. Mbadala ukapandishwa basi Dar, nasi tukangoja, seva inafanya kazi bila akiba yoyote. Ilipofika, matengenezo yakaanza kuzisoma diski 7 zilizobaki mwanzo hadi mwisho, usiku kucha. Kabla ya alfajiri moja kati yake ikagoma. Harusi za watu zikaenda. Bibi harusi mmoja tukikutana sokoni hunijibu salamu kwa kuguna.

RAID 5 haikunidanganya. Huhimili kifo kimoja, basi. Nilichosahau ni hesabu. Diski ya terabaiti 8 ikiandikwa megabaiti 150 kwa sekunde bila kupumzika huchukua karibu saa 15, na seva yenye watumiaji haipumziki. Jumlisha siku za basi. Ndiyo maana sasa kwa hifadhi kubwa sishuki chini ya diski mbili za pariti (akiba ya kurudishia data iliyopotea), yaani RAID 6, hata kama diski zilezile 8 zinabaki na terabaiti 48. RAID 10, inayoweka kila kitu mara mbili, ingenipa 32 tu. Hiyo nawaachia wenye hifadhidata.

Kwenye mfumo wa faili (unaopanga na kutunza faili kwenye diski) nina upendeleo, sifichi. XFS na ext4 ni imara, na XFS hubeba faili kubwa vizuri sana, japo ukishaikuza huwezi kuipunguza. Lakini zote mbili hazikagui kilichomo ndani ya faili: video ikioza kimyakimya, utaijua siku mteja anaiomba. Mfumo ninaoupendelea, ZFS, huweka alama ya uhakiki kwa kila bloku (kipande cha data), na ikikuta haioani hujitibu kwa pariti. Tena haiandiki juu ya data iliyopo, kwa hiyo umeme ukikatika katikati (na umeme wetu tunaujua) unakuta hali ya zamani au mpya, si nusunusu. Uipe diski moja kwa moja, bila kadi ya RAID katikati, na usiibanie RAM. Btrfs, mfumo mwingine wa faili, naipenda, ila RAID 5 na 6 zake hata wanaoitengeneza wanakuonya.

Studio ile sasa ina raidz2 (ZFS yenye diski mbili za pariti), ukaguzi kila mwezi, na nakala ya pili Ujiji. Bosi alilalamikia bei ya diski ya tisa isiyofanya kazi. Iko kabatini, imeandikwa kwa kalamu nene: HAIUZWI.