Unyogovu Mombasa: pa kujisitiri na pa kusema

Mtu wa Mombasa akijifungia ndani, akakonda, salamu akawa haitikii vizuri, majirani hawasemi ana unyogovu. Ana mawazo, watasema, au kaingiliwa na jini, au ni jicho la watu. Nyumbani amri huwa moja: msitirini. Kampeni za afya ya akili nazo zinahimiza kinyume chake: sema, usione haya.

Sitara hudharauliwa upesi mno. Mji wa Kale nyumba zimebanana. Neno la barazani asubuhi limeshafika kwa fundi cherehani kabla ya adhuhuri. Binti akishapachikwa jina, posa huadimika. Kibarua anayechaguliwa langoni kila alfajiri anaweza kurukwa asiambiwe kwa nini. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, lakini kibarua wa siku hana hata barua ya kuonyesha kuwa aliajiriwa. Basi anayeficha si lazima awe mwoga. Amepiga hesabu zake.

Hesabu hizo huvurugika anapomficha hata daktari. Unyogovu hautambuliwi kwa kutazama uso. Huulizwa kama huzuni au kukosa hamu kumedumu wiki 2 au zaidi, karibu kila siku, kisha usingizi, chakula, uchovu, kujilaumu, kutamani kufa. Lipo dodoso la maswali 9, alama 0 hadi 27, na kuanzia 10 mhudumu huchunguza zaidi. Asiyetaka kusema hutaja kichwa na mapigo ya moyo tu, akapewa dawa ya maumivu, na baada ya wiki yuko foleni tena.

Kusema kupita kiasi nako kuna hasara yake. Anayejimwaga usiku wa manane kwenye kundi la WhatsApp la ukoo huamka na pole nyingi, dua za sauti, na shangazi anayetaka kujua ni nani kamfanyia. Habari hiyo hairudi tena. Kusema kunakofaa ni kumpa mtu mmoja kazi moja. Kwa dada: "Natibiwa unyogovu. Nihesabie vidonge kila Ijumaa, na ukiona siku mbili sijaoga, niulize." Kwa bosi: "Nina matibabu, naomba kuondoka saa nane Jumanne ya kila wiki ya pili." Jina la ugonjwa si lazima alijue.

Neno "nguvu" ndilo linalopotosha watu zaidi. Wengi hulichukulia kuwa ni kuvumilia kimya, kumbe ni kuikabili hofu hatua kwa hatua. Mchukue mtu anayeshikwa na hofu kwenye feri ya Likoni: moyo mbio, vidole ganzi, anahisi anakufa. Hofu ya namna hiyo kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika 10, kisha hushuka yenyewe. Akikimbia ikiwa kileleni, mwili huhesabu kuwa ni kukimbia kulikomwokoa, na kesho hofu humshika akiwa bado kwenye matatu. Dawa yake ni ngazi. Siku za kwanza asimame juu ya mteremko, asishuke. Kisha afike sehemu ya kungojea wakati watu ni wachache. Kisha avuke na mtu, kisha peke yake, na mwisho jioni kukiwa na msongamano. Kila ngazi airudie mpaka imchoshe, na asiondoke kabla hofu haijapungua kama nusu. Avute pumzi kwa hesabu ya 4, aitoe kwa 6. Wanaofeli aghalabu wameruka ngazi, au wameingia na muguka shavuni, yale majani ya kutafuna: unapandisha mapigo ya moyo na kukata usingizi, halafu mtu anashangaa mbona wasiwasi hauishi.

Vidonge navyo vina mtego wao. Fluoksetini, dawa ya unyogovu, aghalabu miligramu 20 kwa siku, huchukua wiki 2 hadi 4 kuanza kusaidia, ilhali kichefuchefu huja wiki ya kwanza. Ndiyo maana wengi huacha mapema. Wengine huacha wakishapata nafuu, wakati matibabu huendelea takriban miezi 6 hadi 9 baada ya nafuu hiyo. Kwa kuwa ni kidonge cha mara moja kwa siku, Ramadhani huweza kumezwa wakati wa daku. Litiamu, dawa ya wenye hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi, ni habari nyingine, maana mwili ukikosa maji inaweza kuzidi kwenye damu, kwa hiyo muone daktari kabla ya mwezi kuandama. Kisomo na kombe, yaani maji ya aya za Kurani, havigombani na hospitali, ila pale msomaji anapoamuru dawa zitupwe.

Kwenye mawazo ya kujiua, sitara haina hoja tena. Zamani ilikuwa nayo: kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, mpaka Mahakama Kuu ilipokitangaza kuwa kinyume cha Katiba Januari 2025. Muulize mtu waziwazi, "Unafikiria kujiua?" Swali halimtii wazo hilo kichwani. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, ondoa vidonge, sumu ya panya na kamba, kisha mpelekeni hospitali usiku huohuo. Jirani akiuliza mnaelekea wapi, mwambieni mgonjwa kazidiwa.