Kuzipita nchi tajiri: hesabu, waridi na pareto

Kila msimu wa kampeni hadithi moja hurudi, majukwaani Kisumu na ndani ya matatu za Nakuru: wakati wa uhuru Kenya na Korea Kusini zilikuwa sawa, Wakorea wakatupita, kwa hivyo hata sisi tunaweza kumpita yeyote. Mwanzo wa hadithi hiyo haujakaa sawa. Takwimu za Benki ya Dunia za 1960 zinaipa Korea pato la takriban dola 158 kwa kila mtu, na Kenya dola 98. Tena Korea ilikuwa imeshagawa ardhi ya makabaila kwa wakulima wadogo, na karibu watoto wake wote walikuwa katika shule ya msingi. Kenya ya 1963 ilikuwa na wanafunzi wa sekondari takriban 30,000 nchi nzima. Hatukuanza pamoja.

Hata hivyo Wakorea walikuwa maskini kweli, na leo pato lao kwa kila mtu limezidi dola 30,000, sawa au karibu sawa na la Japani iliyowatawala. Kwamba jambo hili linawezekana, halina ubishi. Linalohitaji maelezo ni uchache wa waliolifanya.

Kwanza tukubaliane tunapima nini. Ukipima ukubwa wa uchumi mzima, kupitana kumeshatokea. China iliipita Japani mwaka 2010. India iliipita Uingereza 2022. Kwa kipimo kinachozingatia bei za ndani ya kila nchi, China iliipita Marekani karibu 2014. Hapa wingi wa watu ndio unaofanya kazi kubwa. India ina watu zaidi ya bilioni 1.4, Uingereza haifiki milioni 70, kwa hivyo Mhindi akipata sehemu moja tu kwa ishirini ya pato la Mwingereza, nchi hizo mbili zinalingana. Ushindi wa namna hiyo una maana kwenye meza ya mazungumzo ya biashara na kwenye bajeti ya jeshi. Kwenye sufuria ya mtu hauna maana kubwa.

Pato la mtu mmoja mmoja ni mlima mwingine. Marekani iko kwenye takriban dola 80,000 kwa mwaka, Kenya karibu 2,000. Ni mara arobaini. Uchumi wa Kenya hukua kwa kama asilimia 5, watu wanaongezeka kwa kama 2, kwa hivyo kila mtu anabaki na asilimia 3. Tuseme Mmarekani anakwenda kwa asilimia 1.5. Asilimia 3 ya dola 2,000 ni dola 60. Asilimia 1.5 ya dola 80,000 ni dola 1,200. Yaani tunakua mara mbili ya kasi yao, na mwaka ukiisha pengo limepanuka kwa dola 1,140. Kwa mwendo huo tungewafikia baada ya miaka 250 hivi. Tukienda kwa asilimia 7 kwa kila mtu, miaka 70.

Ni haki kusema kwamba dola huongeza chumvi kwenye pengo hilo. Kunyoa nywele Kondele, mtaani Kisumu, ni kama shilingi mia moja, na London kazi ile ile itakutoka zaidi ya shilingi elfu mbili. Ukirekebisha kwa bei za hapa, mara arobaini hushuka hadi mara kumi na kadhaa. Lakini trekta, dawa za saratani na deni la nje hatulipii kwa bei ya Kondele.

Wenye matumaini wana hoja nzito. Mwanahistoria wa uchumi Alexander Gerschenkron alieleza tangu katikati ya karne iliyopita kwamba anayechelewa ana faida: habuni mashine, anainunua ikiwa tayari imejaribiwa. M-Pesa ilipoanza 2007 iliruka hatua ambazo Ulaya ilizipitia kwa miaka mingi, za matawi ya benki, hundi na simu za waya. Olkaria, hapa Kaunti ya Nakuru, imekuwa ikitoa stima ya mvuke wa ardhini tangu 1981, na Menengai imefuata. Nchi ambayo sehemu kubwa ya stima yake haitoki kwenye makaa ya mawe wala mafuta ina kitu ambacho matajiri bado wanakigharamia kukipata. Nao matajiri wanazeeka. Hata Korea yenyewe, kwa kiwango cha uzazi cha 2023, mwanamke mmoja anatarajiwa kuzaa watoto 0.72, ilhali karibu nusu ya Wakenya hawajafika miaka ishirini.

Tena tajiri si tajiri wa milele. Argentina mwaka 1913 ilikuwa kati ya nchi tajiri zaidi duniani kwa pato la mtu. Singapore, iliyokuwa koloni, imempita mkoloni wake, Uingereza, kwa mbali.

Upande wa pili, Benki ya Dunia ilichapisha hesabu mwaka 2012 ambayo kila mpangaji wa kaunti angepaswa kuijua. Kati ya nchi na maeneo 101 yaliyokuwa na kipato cha kati mwaka 1960, ni 13 tu yaliyokuwa yamefika kipato cha juu kufikia 2008. Afrika ilitoa mawili: Mauritius, na Guinea ya Ikweta iliyobebwa na mafuta.

Sababu za kukwama huwa zinaelezwa kwa maneno makubwa mno. Afadhali kuziangalia shambani, na Nakuru ina mazao mawili yanayofundisha kuliko ripoti nyingi.

La kwanza ni pareto. Kwa miongo mingi Kenya ndiyo iliyouzia dunia sehemu kubwa ya maua haya ya kutengeneza dawa ya wadudu. Molo, Elburgon, Kuresoi na kule Kisii, mkulima aliyachuma kwa mkono kila baada ya wiki mbili au tatu, akayaanika siku hiyo hiyo kwa sababu yakirundikwa mabichi huchacha na sumu inayouzwa hupungua. Kilo nne au tano mbichi hutoa kilo moja kavu. Malipo hufuata kiasi cha sumu iliyomo, si uzito peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mavuno yalifikia tani zipatazo 18,000. Kisha dunia ikanunua kidogo, shehena zikajaa ghalani, malipo ya wakulima yakachelewa miezi, halafu miaka. Wakulima waling'oa pareto wakapanda viazi na mahindi. Soko lilipoamka, hatukuwa na maua.

Aliyekuwa nayo ni Tasmania, Australia, nchi tajiri yenye mishahara mikubwa kuliko yetu mara nyingi. Watafiti wake walichagua mimea inayochanua kwa wakati mmoja, ili shamba zima likatwe kwa mashine mara moja kwa mwaka, wakapandisha pia kiasi cha sumu katika ua. Kibarua nafuu wa Molo alishindwa na mbegu na mashine, na kabla ya hapo alishindwa na hundi iliyochelewa. Leo Tasmania ndiyo inayoongoza. Anayeamini kwamba mishahara midogo peke yake itatupandisha juu, pareto ni jibu lake.

La pili ni waridi, saa mbili hivi kwa gari kutoka Molo. Naivasha ilifanya kinyume. Waholanzi walikuwa mabingwa wa kulima waridi katika nyumba za vioo zinazopashwa joto kwa gesi. Naivasha, karibu mita 1,900 juu ya bahari, ina jua mwaka mzima na usiku wa baridi ya kiasi, haihitaji kupasha joto. Ua hukatwa asubuhi, huingizwa kwenye chumba cha nyuzi 2 hadi 4, na hubaki kwenye baridi hiyo hadi uwanja wa ndege Nairobi. Mnyororo huo ukikatika saa chache tu, ua halionyeshi kitu hapa, bali linafunguka na kunyauka mapema vasini Ulaya, na mnunuzi anakata bei. Kenya ikawa muuzaji mkubwa wa waridi barani Ulaya, na eneo linalolimwa waridi Uholanzi limepungua sana tangu miaka ya 2000.

Hapo tumempita tajiri, bila shaka. Ila ukifuata pesa, aina nyingi za waridi zimesajiliwa na wazalishaji wa mbegu wa Ulaya, na mkulima wa Naivasha huwalipa ada ya matumizi. Ndege huchukua fungu kubwa. Mnada uko Aalsmeer, Uholanzi. Mholanzi ameacha jembe, hajaacha biashara. Kupita katika uzalishaji ni hatua moja. Kumiliki mbegu, jina na soko ni hatua nyingine, na hiyo ndiyo iliyowatoa Wakorea kwenye nguo na wigi wakafika kwenye meli na chuma. Serikali yao iliwapa mikopo nafuu waliouza nje, na asiyetimiza lengo la mauzo alijua mkopo uko hatarini. Mwaka 1964 mauzo yao ya nje yalifika dola milioni 100, na 1977 yakafika bilioni 10. Sisi KICOMI, kiwanda cha nguo cha Kisumu, kilifungwa hata kabla hatujafika hatua ya pili.

Kuna mzigo ambao Korea haikubeba kwa uzito huu, nao ni bei ya pesa. Februari 2024 Kenya iliuza hati fungani ya dola bilioni 1.5 ambayo mnunuzi anavuna zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Marekani wakati huo ilikopa kwa asilimia 4 hivi. Kwa asilimia 10 deni lisilolipwa hujirudufu kwa miaka 7, kwa 4 ni miaka 18. Barabara au kiwanda kinacholeta faida ya asilimia 8 ni mradi mzuri kwa anayekopa kwa 4, na ni hasara kwetu. Mradi ni ule ule.

Hata hivyo, nikilazimika kuchagua sababu moja, nisingechagua riba. Ningechagua kuanguka. Wanahistoria wa uchumi Stephen Broadberry na John Wallis walionyesha mwaka 2017 kwamba nchi maskini zikiwa kwenye mwendo hazikimbii polepole kuliko tajiri. Huzidiwa kwa sababu hurudi nyuma mara nyingi zaidi, na kwa kishindo. Kenya ilikua kwa asilimia 7 mwaka 2007. Mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, Kisumu kuchomwa na maelfu kukimbilia uwanja wa maonyesho wa Nakuru, ukuaji ulikuwa karibu sifuri, na kwa kila mtu tulirudi nyuma. Katika miaka ya 1990 ilikuwa vivyo hivyo kwa muda mrefu zaidi. Mfumuko wa bei ulipita asilimia 40 mwaka 1993, na pato halisi la mtu mwaka 2003 lilikuwa chini ya lile la 1990.

Chukua nchi inayokua kwa asilimia 5 kwa kila mtu miaka minne, ikaanguka kwa asilimia 4 mwaka wa tano. Kutoka 100 inafika 116.7. Jirani yake anayekwenda kwa 3.5 tu bila kuanguka anafika 118.8. Baada ya miaka 50, wa kwanza yuko 468, wa pili 558.

Kwa hivyo sioni Kenya ikilipita pato la Mmarekani katika maisha ya mtu yeyote anayesoma hapa, na naona ni kosa kuwaahidi watu hivyo. Kufika ilipo Malaysia leo, takriban dola 12,000 kwa kila mtu, ni jambo la kupigania kwa dhati. Ni mara sita ya tulipo. Kwa asilimia 3.5 isiyokatika ni miaka 52. Kwa mwendo wa kukimbia minne na kuanguka wa tano ni 57, na hapo hatujahesabu wawekezaji wanaopandisha riba kila wanapoona uchaguzi unakaribia. Uchaguzi unaofuata ni Agosti 2027.